Kuzuru Salem, Massachusetts: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Salem ni mji mdogo wa bandari, kilomita 25 hivi kaskazini-mashariki ya Boston. Wageni wengi huuendea kwa sababu ya kesi za uchawi za mwaka 1692. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya pili, na kwetu ndiyo yenye uzito zaidi: katikati ya karne ya 19 meli za mji huu ndizo zilizokuwa zikienda Unguja kushusha merikani, yaani kitambaa cha pamba, na kupakia sandarusi, utomvu mgumu wa miti wa kutengenezea vanishi, na pembe za ndovu. Majibu haya ni kwa anayetaka kuyaona yote mawili bila kuimaliza siku kwenye foleni. Saa zote zilizotajwa ni za Kiswahili. Bei ni za dola, nazo hupanda, kwa hiyo zihakikishe kabla ya safari.

Niende mwezi gani?

Nenda Septemba baada ya wiki ya kwanza, au Mei na mwanzoni mwa Juni. Hewa inaruhusu kutembea, nyumba za kihistoria karibu zote ziko wazi, na foleni ni fupi.

Oktoba ni habari nyingine kabisa. Mji una wakazi 44,000 hivi, na katika mwezi huo mmoja hupokea wageni zaidi ya milioni moja wanaofuata sherehe za Halloween. Jumamosi za Oktoba mitaa ya katikati hufungwa kwa magari, foleni ya choo cha umma yaweza kukula nusu saa, na hoteli za mjini huwa zimeshajaa miezi mingi nyuma. Kama huna mwezi mwingine, chagua Jumanne au Jumatano katika wiki mbili za mwanzo, fika kabla ya saa tatu asubuhi, na uwe umeshanunua mtandaoni tiketi zenye muda maalumu za kila nyumba unayotaka kuingia. Tarehe 31 yenyewe ni siku ya mavazi na umati. Anayetaka historia aiache.

Januari hadi Machi bei za malazi hushuka, lakini njia za matofali hushika barafu na nyumba nyingi hupunguza siku za kufungua. Desemba jua huzama saa kumi na robo jioni, kwa hiyo ratiba ya kutembea nje lazima ianze asubuhi.

Kuhusu viza, nianze lini?

Viza ya utalii huombwa kwa fomu ya mtandaoni ya DS-160, kisha hulipiwa ada, kisha hupangiwa siku ya mahojiano ubalozini. Siku ya mahojiano ndiyo hukawia kuliko yote, kwa hiyo ombi lianze miezi mingi kabla. Usinunue tiketi ya ndege isiyorudishika kabla pasipoti haijarudi mkononi ikiwa na viza.

Tangu mwaka 2025 masharti ya kuingia Marekani kwa raia wa nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo za kwetu, yamebadilika zaidi ya mara moja. Maelezo ya rafiki aliyekwenda miaka miwili iliyopita hayatoshi. Fungua tovuti ya ubalozi wa Marekani katika nchi yako wiki ileile unayoanza kujaza fomu, na uifungue tena kabla ya kulipa.

Nikishuka uwanja wa ndege wa Logan, nafikaje Salem?

Kwa reli, na huhitaji teksi. Nje ya jengo la abiria panda basi la bure la uwanja linalokwenda kituo cha Airport cha njia ya buluu, Blue Line. Panda treni ya kuelekea katikati ya mji na ushuke State. Hapohapo badilisha, uingie njia ya chungwa, Orange Line, inayoelekea Oak Grove, upite Haymarket na ushuke North Station. Nauli ya reli hii ya mjini ni 2.40, na unaweza kugusisha kadi ya benki kwenye geti.

North Station ndipo inapoanzia treni ya Salem. Tazama ubao wa ratiba: treni yoyote iliyoandikwa Newburyport au Rockport inapita Salem, kwa sababu njia hizo mbili huachana mbele ya Salem, mjini Beverly. Safari huchukua dakika 30 hadi 35. Kituo kinachotangulia Salem ni Swampscott. Ukisikia jina hilo, anza kukusanya mizigo.

Angalizo kwa anayetua usiku: treni haziendi usiku kucha, na mwishoni mwa wiki nafasi kati ya treni moja na nyingine ni kubwa. Ndege ikitua baada ya saa tatu usiku ni afadhali kulala Boston na kuondoka asubuhi.

Tiketi ya treni inanunuliwaje, na watu hukosea wapi?

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kadi uliyogusisha kwenye reli ya mjini imelipia na treni ya Salem. Hapana, hii ni tiketi nyingine. Inunue kwenye mashine za North Station au kwenye programu ya simu ya mTicket. Salem iko kanda ya 3, na nauli ya kwenda tu ni dola 8.

Kosa la pili ni kununua nenda-rudi siku ya Jumamosi au Jumapili kwa dola 16, wakati kuna pasi ya mwishoni mwa wiki ya dola 10 inayokuruhusu kupanda treni mara nyingi utakavyo kwa siku zote mbili. Watoto wa miaka 11 kushuka chini hawalipi wakiwa na mtu mzima.

Kosa la tatu hutokea wakati wa kurudi. North Station ina mageti, na tiketi inahitajika kuingia na kutoka. Ukitupa karatasi yako njiani utasimama getini ukijieleza. Kwa tiketi ya simu, iwashe kondakta anapokaribia na usiache betri iishe. Chaja ndogo ya mkononi ni sehemu ya nauli yako siku hiyo.

Je, niende kwa boti badala ya treni?

Kuanzia mwisho wa Mei hivi hadi Oktoba kuna boti ya mwendo kasi kutoka bandari ya Boston, safari ya saa moja hivi. Ni ghali kuliko treni, lakini unapita katikati ya visiwa vya bandari na kuingia Salem kwa mlango uleule uliotumiwa na mabaharia. Pendekezo letu ni kwenda kwa boti na kurudi kwa treni, kwa sababu boti za jioni hujaa na upepo ukichafuka hufutwa. Boti hutia nanga mtaa wa Blaney, karibu kabisa na nyumba ya Seven Gables, kwa hiyo ukija kwa boti geuza ratiba iliyo hapa chini, uanze na upande wa bahari.

Na gari?

Miezi mingine sawa. Oktoba, usijaribu. Maegesho hujaa asubuhi na msafara wa kuingia mjini hukwama barabarani kwa masaa.

Siku moja inatosha? Nianzie wapi?

Siku moja inatosha ukifika saa tatu asubuhi na kuondoka saa moja usiku. Mji ni wa kutembea kwa miguu. Kutoka kituo cha treni panda ngazi, au lifti, ufuate mtaa wa Washington. Dakika kumi baadaye uko mtaa wa Essex, ambao sehemu yake ya kati ni ya wapita njia tu.

Anzia magharibi, kwenye nyumba ya jaji Jonathan Corwin, namba 310 mtaa wa Essex. Asubuhi bado haijajaa, nayo ni ndogo na vyumba vyake havipokei watu wengi kwa pamoja. Rudi mashariki kwa mtaa huohuo hadi kituo cha wageni cha hifadhi za taifa, namba 2 mtaa wa New Liberty: ramani za bure, vyoo, na walinzi wa hifadhi wanaojibu maswali kwa subira. Hatua chache kutoka hapo ni makumbusho ya Peabody Essex, ambayo huitwa PEM. Yape saa mbili na nusu. Kisha teremka Charter Street kwenye makaburi na kumbukumbu ya 1692, kula, na umalizie mtaa wa Derby: nyumba ya forodha, gati, na Seven Gables. Kurudi kituoni pitia uwanja wa Salem Common upumzishe miguu.

Baadhi ya njia zina mstari uliopakwa ardhini wa kuwaongoza wageni. Usiufuate kama sheria. Unapita penye historia na penye maduka vilevile.

Ukipata siku ya pili, nenda Danvers, mji jirani. Hapo ndipo kilipokuwa Kijiji cha Salem, na hapo ndipo tuhuma zilipoanzia, nyumbani kwa mchungaji Samuel Parris. Msingi wa nyumba yake ulichimbuliwa mwaka 1970 na unaonekana hadi leo: mstatili wa mawe kwenye majani, nyuma ya nyumba za watu. Shamba la Rebecca Nurse, bibi wa miaka 71 aliyenyongwa Julai 1692, liko huko pia, nalo hufunguliwa kwa msimu.

Kati ya vyote vilivyoandikwa "uchawi", ni kipi cha kweli?

Swali hili ndilo la kuliuliza kabla ya kutoa pesa. Jengo pekee lililosimama Salem lenye uhusiano wa moja kwa moja na kesi hizo ni nyumba ya Corwin, ambayo mabango huiita Witch House. Hakukaa mchawi humo. Aliyekaa ni mmoja wa majaji. Ukiingia utaona dari za chini, meko kubwa, na jinsi familia ya wenye mali ilivyoishi karne ya 17.

PEM wana vitu halisi vya kipindi hicho, zikiwemo fimbo mbili za George Jacobs, mzee aliyetembea akijiegemeza na kunyongwa Agosti 1692. Tazama jinsi zilivyo za kawaida.

Salem Witch Museum, iliyoko ndani ya kanisa la zamani karibu na Common, licha ya jina lake ni onyesho la sanamu, taa na sauti. Haina vitu vya 1692. Wengine hulipenda kwa sababu linaeleza mfuatano wa matukio kwa muda mfupi. Wengi hutoka wamekasirika kwa sababu walitegemea makumbusho. Watoto chini ya miaka saba au minane huogopa giza lake. Nyumba za kutisha zilizojaa kandokando ya mitaa ni burudani, na ni haki yake mtu kuzifurahia, lakini hazimfundishi chochote.

Sanamu ya mwanamke juu ya ufagio kwenye kona ya Essex na Washington ni ya mhusika wa kipindi cha televisheni, na iliwekwa 2005. Na yule bwana wa shaba mwenye joho kubwa na kofia mbele ya Witch Museum si mchawi. Ni Roger Conant, aliyeanzisha makazi haya mwaka 1626.

Walichomwa moto? Na makaburi yao yako wapi?

Hapana, hakuna aliyechomwa. Chini ya sheria ya Kiingereza iliyotumika Massachusetts adhabu ilikuwa kunyongwa. Walikamatwa zaidi ya watu 150. Walionyongwa ni 19, wanawake 14 na wanaume 5, kati ya Juni na Septemba 1692. Giles Corey, mzee wa miaka 80 hivi, alikataa kujibu shitaka mbele ya mahakama, akalazwa chini na kurundikiwa mawe kifuani hadi akafa. Wengine wasiopungua watano walifia gerezani. Tituba, mwanamke mtumwa wa nyumba ya Parris aliyekuwa miongoni mwa watatu wa kwanza kushitakiwa, hakunyongwa. Alikaa gerezani zaidi ya mwaka mmoja.

Makaburi ya Charter Street ni ya mwaka 1637 na utasikia waongozaji wakiyahusisha na wahanga. Aliyezikwa pale ni jaji, John Hathorne. Walionyongwa hawakupewa maziko ya heshima, na makaburi ya walio wengi hayajulikani. Mahali waliponyongwa palithibitishwa na watafiti mwaka 2016: panaitwa Proctor's Ledge, mtaa wa Pope, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka katikati ya mji. Tangu 2017 kuna ukuta mdogo wa mawe wenye majina 19. Ni mtaa wa makazi, hakuna choo wala duka la zawadi, na nyumba za watu zimepakana na ukuta. Ongea kwa sauti ya chini.

Wa mwisho kusafishwa jina kisheria, Elizabeth Johnson, alisafishwa mwaka 2022. Ilichukua miaka 329 tangu ahukumiwe.

Kumbukumbu ya mawe karibu na makaburi inatazamwaje?

Taratibu, kwa sababu ni rahisi kuipita. Ilizinduliwa 1992, miaka 300 baada ya kesi, na Elie Wiesel, mwandishi aliyenusurika mauaji ya Wayahudi, alikuwepo kuifungua. Ni uwanja mdogo uliozungukwa na ukuta wa mawe makavu, na katika ukuta huo yamechomoza mabamba 20 ya granaiti, kila moja lina jina, namna mtu alivyouawa, na tarehe. Kabla ya kuingia, tazama chini ya miguu yako. Kwenye kizingiti yamechongwa maneno ya wahanga waliyoyasema mahakamani wakijitetea, na sentensi zinakatwa katikati pale jiwe linapoingia chini ya ukuta. Ndivyo walivyokatizwa.

Mabamba yanafanana na mabenchi na watu huyakalia wakila aiskrimu. Usikae. Watu huweka maua na sarafu juu yake; viache. Katika makaburi ya pembeni usiegemee mawe wala kuyasugua kwa karatasi na penseli, kwani ni laini na huchubuka. Oktoba mlinzi huhesabu watu mlangoni, kwa hiyo jiandae kungoja.

Kwa anayetoka Afrika Mashariki, ambako vikongwe bado wanauawa kwa sababu ya macho mekundu na chuki za mirathi, mahali hapa si pa kupigia picha za kuchekesha. Kawaambie watoto ukweli wake.

Salem ina uhusiano gani na Zanzibar, na leo naona nini?

Manahodha wa Salem walianza kuzoea Unguja miaka ya 1820. Tarehe 21 Septemba 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan, ushuru ukiwekwa asilimia 5. Mwaka 1837 akafika Unguja balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, naye alikuwa mtu wa Salem na mfanyabiashara. Kwa miaka mingi baada ya hapo, Mmarekani bandarini Unguja mara nyingi alikuwa mtu wa Salem.

Meli zilikuja na majora ya merikani, ile pamba nzito isiyopaushwa, pamoja na bunduki, baruti na fedha. Merikani ilivuka Mrima ikaenda na misafara hadi Tabora na Ujiji, ikipimwa kwa mikono na kutumika kama pesa. Zilirudi na pembe, ngozi, karafuu na sandarusi. Sandarusi ilichimbwa ardhini katika pwani ya bara na ilifika ikiwa na ganda la mchanga. Salem kulikuwa na karakana ya kuiosha, na kutoka hapo ikawa vanishi ya samani na magari ya farasi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba, nguo za Uingereza na za Bombay zikajaza pengo, na meli ya mwisho kutoka Zanzibar iliingia Salem mwaka 1870.

Jambo moja maelezo ya ukutani hayalisemi kila mara, nasi tunataka mgeni alijue kabla hajafika. Pamba ya merikani ilichumwa na watumwa wa Kusini mwa Marekani, na pembe zilifika pwani kwa njia zilezile walizosukumwa watumwa wa kwetu. Utajiri unaouona kwenye majumba ya mtaa wa Chestnut una mikono hiyo miwili ndani yake.

Sasa ya kuonekana. Nyumba ya forodha ya mtaa wa Derby ilijengwa 1819 na juu ya paa lake kuna nakala ya tai wa mbao wa 1826. Nyuma yake huwekwa mizani na mapipa ya kupimia bidhaa za ushuru. Mbele yake ni Derby Wharf, gati refu la mita 800 hivi lililokuwa limejaa maghala. Sasa ni njia ya changarawe na majani hadi kwenye mnara mdogo mweupe wa taa wa 1871. Litembee lote hadi mwisho, dakika kumi kwenda, kumi kurudi, na uvae koti hata Juni, kwa kuwa upepo ni mkali. Ukiwa njiani tazama kusini-magharibi uone majengo makubwa ya kiwanda yanayoitwa Shetland Park. Hapo ndipo kilipokuwa kiwanda cha pamba cha Naumkeag, kilichoanza kufuma 1847. Majengo ya kwanza yaliteketea katika moto mkubwa wa Juni 1914, na haya ni ya baadaye.

Eneo hili la bahari lilitangazwa mwaka 1938 kuwa la kwanza la aina yake kulindwa kitaifa nchini Marekani, na kuingia ni bure. Majengo hufungwa kwa zamu kwa ukarabati, na meli ya Friendship, nakala ya meli ya 1797, mara nyingine huwa imepelekwa chelezoni. Uliza kituo cha wageni kabla ya kuteremka.

PEM wana vitu vya Zanzibar?

Wanavyo, lakini vingi viko ghalani na maonyesho hubadilishwa. Makumbusho yenyewe yalizaliwa na chama cha mabaharia kilichoanzishwa 1799, ambacho mwanachama alipaswa awe amezunguka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn. Ukumbi wao wa 1825, East India Marine Hall, umo ndani ya jengo la leo. Miongoni mwa mali zao ni picha ya rangi ya Ahmad bin Naaman, mjumbe wa Sayyid Said aliyefika New York mwaka 1840 kwa meli ya Sultana. Usiende ukitarajia kuikuta ukutani. Waandikie barua pepe wiki mbili tatu kabla uulize kipi kiko wazi.

Nje ya Oktoba PEM hufungwa baadhi ya siku za katikati ya wiki, na hili huwaharibia safari watu wengi. Ukipata muda, ingia pia nyumba ya Kichina ya Yin Yu Tang, iliyobomolewa kipande kwa kipande mkoani Anhui na kujengwa upya hapa. Ina vyumba vya kulala 16.

Seven Gables inafaa bei yake?

Inafaa kwa anayependa nyumba. Ilijengwa 1668 kwa nahodha John Turner, na huingiwa kwa kundi lenye mwongozaji. Kuna ngazi ya siri iliyojificha kandoni mwa dohani: nyembamba, ya mzunguko, na mwinuko wake ni mkali. Mwenye mwili mkubwa, goti baya, au hofu ya mahali pa kubana amwambie mwongozaji mapema, ataonyeshwa njia nyingine. Mabegi ya mgongoni hayafai humo. Nyumba alikozaliwa mwandishi Nathaniel Hawthorne mwaka 1804 ilihamishiwa kwenye ua huohuo.

Historia ya watu weusi wa Salem iko wapi?

Mtaa wa Chestnut, kwenye Hamilton Hall, ambako John Remond, mtu mweusi huru kutoka Curaçao, aliendesha biashara ya karamu na kulea familia yake. Wanawe Charles Lenox Remond na Sarah Parker Remond walizunguka Marekani na Uingereza wakihutubia dhidi ya utumwa. Kwenye mtaa wa Derby kuna bustani yenye jina la Charlotte Forten, aliyehitimu ualimu hapa 1856 akiwa mweusi wa kwanza wa chuo hicho. Ni vituo vya dakika chache, na waongozaji wengi huviruka.

Wapiga ramli na maduka ya bangi?

Wapiga ramli hupewa leseni na mji. Kama umeamua kuketi, uliza bei yote kabla na ukatae "nyongeza" ya kuondoa mkosi.

Kuhusu bangi, tuseme waziwazi. Massachusetts inaruhusu watu wazima kuinunua, na maduka yake Salem yana mabango masafi kama famasi. Lakini sheria ya shirikisho bado inaikataza, na uhamiaji hufuata sheria ya shirikisho. Mgeni mwenye viza akikutwa nayo au akikiri kuitumia anaweza kunyimwa kuingia tena. Usinunue, usibebe, usipige nayo picha.

Chakula halali kinapatikana? Na swala?

Mji ni wa samaki, kwa hiyo hutalala njaa. Tahadhari kubwa ni supu nzito ya kome na maziwa, inayoandikwa kwenye menyu "clam chowder". Kwa desturi hupikwa kwa mafuta ya nguruwe au bekoni, na mhudumu hatakutajia usipouliza. Uliza pia vyakula vya kukaanga hukaangwa kwa mafuta gani. Mkate wa kambakoche, "lobster roll", kwa kawaida ni kambakoche, mayonezi au siagi, na mkate tu, na bei yake hufuata bei ya soko ya siku hiyo. Angalia kabla ya kuagiza.

Msikiti mkubwa ulio rahisi kufikika kwa reli uko Boston, Roxbury, jirani na kituo cha Roxbury Crossing cha njia ya chungwa. Kwa Ijumaa, panga siku ya Boston badala ya Salem.

Mbona bili imezidi bei ya menyu?

Kwa sababu bei zilizoandikwa hazina kodi. Dukani kodi ni asilimia 6.25, mgahawani Salem ni 7. Juu yake mhudumu wa mezani hutegemea bakshishi ya asilimia 18 hadi 20, maana mshahara wake ni mdogo. Sahani ya dola 20 huongezewa kodi 1.40 na bakshishi 4, unalipa 25.40. Ukinunua dirishani na kuondoka nacho, bakshishi si lazima hata kama skrini inakuuliza. Ukiwa kundi kubwa tazama bili kwanza, huenda bakshishi imeshaingizwa.

Nibebe nini?

Viatu vya soli bapa, kwa sababu matofali ya njiani yameinuliwa na mizizi ya miti. Kigari cha mtoto kiwe na magurudumu makubwa. Umeme ni volti 120 na plagi ni ya miguu miwili bapa: chaja ya simu ya Tanzania au Kenya itafanya kazi kwa adapta, lakini birika na pasi hazitapata moto wa kutosha. Oktoba jioni baridi hushuka haraka, kwa hiyo sweta iwe begini tangu asubuhi.

Nataka kusoma barua na vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wa Zanzibar. Inawezekana?

Ndiyo. Ziko Phillips Library, maktaba ya PEM, lakini si Salem tena. Ilihamishiwa Rowley, kaskazini zaidi kwenye njia ya treni ya Newburyport. Huko ndiko ziliko karatasi za Richard Waters. Si lazima uwe mwanachuo, ila unaomba nafasi mapema na kutaja namba za makasha unayotaka, ambazo utazipata kwenye katalogi yao mtandaoni. Kalamu ya wino hairuhusiwi, tumia penseli. Picha za simu huruhusiwa kwa masharti yao. Kituo cha Rowley kiko mbali na maktaba na teksi hazisubiri hapo, kwa hiyo agiza gari la kwenda na la kurudi kabla hujapanda treni, na hakikisha treni uliyochagua ni ya Newburyport: ile ya Rockport itakupeleka kwingine.